Miguu ya Ambrosi

"Mitungi mitatu! Mitatu, Mama Anastasia, kwa siku moja! Unamwogesha tembo?"

"Naosha vya kwangu. Maji nimeyabeba kwa kichwa changu."

"Kichwa chako ndicho kilichonitangulia Ijumaa! Nimefika chemchemini jogoo wa pili, nakukuta umeshakalia jiwe kama umezaliwa hapo. Mpaka jua la utosi mwenzetu anachota tu, kata moja moja, kama analisha mgonjwa uji. Sisi wengine tukarudi na tope. Muulize Zena, muulize mwanamke yeyote wa mtaa huu!"

"Mgonjwa ninaye, Mama Kurwa."

"Mgonjwa wa nini? Nguo unazoanika nyuma ya nyumba hatuzioni? Damu haifichiki kwa kamba. Risasi ilimpata mumeo makalioni akikimbia kule Masasi. Semeni basi, tujue tunapakana na nani!"

Dominika, ndiye Mama Anastasia, akaweka mtungi chini. Alikuwa mwanamke mwembamba, na kwa siku mbili hizo alikuwa amekonda zaidi. Akaingia ndani.

Karani Alfani alikuwa ameegemea uzio tangu lilipotajwa neno la tembo. Alikuwa mtu mfupi, mnene, mcheshi, aliyewahi kubeba mizigo ya misafara kutoka Lindi mpaka Ziwani kabla akida wa Newala hajamfanya karani wake. Kusoma alifundishwa chuoni na kuandika alijifunza kwa alama za magunia. Mengine yote aliyajua kwa kukaa barazani kwa watu. Hakuna chungu kilichochemka Newala asichojua kilikuwa na nini. Alikuwa akisema kwamba wanaogombana hutoa bure maneno ambayo mbele ya akida wangeyaapia uongo.

"Makalioni, Mama Kurwa? Una hakika?"

Siti, ndiye Mama Kurwa, akageuka. "Ala! Karani, kumbe upo. Makalioni. Nguo zenyewe zinasema."

"Miguu yake uliiona?"

"Nitaionea wapi? Tangu mavuno anavaa kanzu mpaka kwenye vidole kama shehe, na yeye ni mtu wa kanisa."

"Ahsante. Wasalimie nyumbani."

Siti akabaki na mikono kiunoni, hajui amesaidia nini.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Ulikuwa mwaka wa pili tangu vita vya Maji, misheni ya Masasi imeshaungua, mashamba yamechomwa, na njaa imepanda mlima mpaka Newala. Boma la Lindi lilikuwa limetoa amri: kila mwenye jeraha la risasi apelekwe. Jana, Jumatatu, askari walikuwa wamemchukua Ambrosi, mume wa Dominika, na kumfunga katika banda la chumvi la akida. Jumamosi Mjerumani angepita na kamba yake. Akida alikuwa amempa Alfani mpaka Ijumaa aipeleleze habari hiyo, si kwa huruma, bali kwa sababu Ambrosi ndiye aliyemtengenezea milango ya nyumba na mmoja ulikuwa haujakamilika.

Jina la mtoa habari akida alikataa kulitaja. Alichompa karani wake ni maneno aliyoyasikia, na Alfani aliyaandika kwenye kipande cha karatasi: *Mguu wa kulia, juu ya muundi, matundu matatu ya risasi, yamekaa kama mafiga. Mguu wa kushoto mzima.*

Aliyeleta maneno hayo alikuwa ameona mguu. Siti alikuwa ameona nguo tu. Siti akatoka katika hesabu.

Alfani akabisha hodi.

"Damu ile ni ya nini, Mama Anastasia?"

Dominika alikuwa amekaa juu ya kinu kilicholazwa. "Alinikataza kusema."

"Jumamosi hatakuwepo wa kukukataza."

Mwanamke akatazama ukuta. "Tumbo. Mwezi wa nne huu. Anakwenda porini mara kumi kwa siku, na kinachotoka ni damu na ute. Wakati mwingine hafiki porini. Anasema heri waseme nilipigana, kuliko waseme Ambrosi anachafua mkeka kama mtoto. Mwanamume mzima, Karani. Fundi wa milango."

"Na miguu?"

"Miguu ilifuata tumbo."

*

Banda la chumvi halikuwa na dirisha. Alfani akamwambia askari aache mlango wazi, akachuchumaa.

"Shikamoo, Karani," alisema Ambrosi. Alikuwa mkubwa wa mifupa, nyama zimemtoka.

"Marahaba. Vua."

Ambrosi akapandisha kanzu. Alfani, aliyekuwa ameona majeraha ya mishale, ya mapanga, ya risasi na ya simba, alisogea karibu zaidi.

Hapakuwa na matundu matatu. Palikuwa na kidonda kimoja, kipana kama kiganja, juu ya muundi wa kulia. Ukingo wake ulikuwa wa rangi ya zambarau, umelegea. Alfani akachukua kijiti kisafi, akakipitisha chini ya ukingo, nacho kikaingia kama chini ya mkeka. Akageuza mguu. Nyuma palikuwa pazima, hakuna mahali risasi ilipotokea. Akabonyeza kuzunguka kidonda. Hakuna chuma.

Mguu wa kushoto ulikuwa na vivimbe vitano au sita juu ya muundi, vyekundu vya kuiva, vikubwa kama kungumanga, bila tundu hata moja. Alipokigusa kimoja, Ambrosi alivuta pumzi kwa meno.

"Fungua mdomo."

Ndani ya mashavu palikuwa na vidonda vidogo vyeupe. Alfani akakumbuka kwamba tangu mavuno Ambrosi alikuwa hali pilipili, na watu walikuwa wamesema anaringa.

"Mguu huu alikukata nani?"

"Kunikata?"

"Kuna kovu la wembe pembeni hapa. Chale."

"Fundi mmoja wa Kimakua. Mpita njia. Simjui jina."

"Sikiliza walichokusemea." Alfani akasoma karatasi yake, neno kwa neno.

Alipofika kwenye mafiga, Ambrosi aliachia kanzu ikashuka.

"Rudia."

"Matundu matatu, yamekaa kama mafiga."

Ambrosi akageuza uso ukutani. Alfani alimuuliza mara tatu amekumbuka nini. Mara ya tatu alijibiwa, "Nimechoka, Karani. Mwambie Mama Anastasia asiniletee tena chakula. Wale wao."

*

Mabel alikuwa amefanya kazi miaka sita katika chumba cha dawa cha misheni, kuchemsha vitambaa na kuosha vidonda. Misheni ilipoungua alipanda Newala kwa dada yake. Alfani alimkuta anamenya ming'oko, mizizi ya porini iliyokuwa ikiwaweka watu hai mwaka ule, akakaa kumsaidia kumenya, akamweleza kila kitu.

Mabel alisimamisha kisu aliposikia habari ya ukingo.

"Zambarau? Na unapita chini yake?"

"Kama mkeka."

"Na tumbo linatoa damu." Akatikisa kichwa. "Tulikuwa na mama mmoja wa Lisekese. Vivimbe miguuni, tumbo la damu. Tulidhani majipu, tukapasua. Kila tulipopasua palifunguka shimo. Tulipasua manne, tukapata mashimo manne. Bibi mkubwa wa dawa akasema basi, msimguse tena kwa chuma. Tumbo lilipotulia, baada ya wiki nyingi, miguu nayo ikafunga. Sisi tulikuwa tukikiita kidonda cha hasira. Ukikichokoza, kinalipiza."

"Kukichokoza kwa nini? Wembe?"

"Wembe, sindano, hata mwiba. Ngozi ya mtu kama huyo haisamehi, Karani. Siku mbili tu, utaona."

Alfani akaacha kumenya. "Hata pasipokuwa na kidonda? Tuseme mkononi?"

"Mama yule tulimchoma sindano mkononi. Mkono ukafanya kama mguu. Si wote. Lakini yeye ulifanya."

"Ambrosi naye ukifanya, utakuja kusema mbele ya akida?"

"Nitakuja. Ila umalize kumenya kwanza, usiniachie kazi nusu."

*

Jumatano asubuhi baraza la akida lilijaa. Habari zilikuwa zimetangulia: karani atamchoma mtu kwa mwiba. Siti alikuwa mbele, na wenzake wa chemchemini. Mzee Marko, mjomba wa Ambrosi na mkuu wa mtaa wao, alikaa kwenye kigoda pembeni, bakora mapajani. Watu walikuwa wakimpa pole, naye akizipokea kwa kichwa.

"Huu ni uganga?" aliuliza akida.

"Ni mwiba wa mchongoma, Bwana. Umechemshwa. Ninao mmoja, na mikono miwili: wake na wangu. Askari wako achome yeye, mimi nisiuguse."

Askari akamchoma Ambrosi juu ya mkono wa kushoto. Mwiba ukarudishwa katika maji yanayochemka, kisha akamchoma Alfani mahali palepale.

"Aa! Taratibu, baba, mimi si mfungwa!"

Watu wakacheka. Alfani akafunga mikono yote miwili kwa kitambaa, akida akaweka lakiri yake juu ya fundo.

"Ijumaa tufungue," alisema Alfani. "Mikono ikifanana, mnyongeni, na mimi nirudi kubeba mizigo."

"Na isipofanana?"

"Basi mtu huyu hahitaji risasi ili apate tundu. Anahitaji mtu wa kumkata tu."

Mzee Marko alikuwa akitazama kitambaa. Aliondoka kabla ya wengine.

*

Alhamisi Alfani alirudi kwa Dominika. Safari hii alileta kunde kikombe kimoja, akakaa jikoni.

"Mafundi wa Kimakua huwa wanapita huku siku hizi?"

"Mwaka wa njaa? Nani apite, ale nini?"

"Basi chale alizikata nani?"

Dominika akashangaa. "Hakukwambia? Mjomba wake. Mzee Marko ndiye mwenye dawa za ukoo. Alikuja Jumatatu ya wiki ile nyingine. Akakata vivimbe vitatu vya mguu wa kulia, akapaka unga wa mizizi. Aliahidi atakata wa kushoto ukishapoa wa kulia."

"Nihesabie siku. Polepole."

"Jumatatu amekata. Jumatano vimekuwa vipele vya usaha. Alhamisi matundu matatu, mjomba akaja kubadilisha majani. Jumamosi asubuhi matundu yamekutana, kidonda kimoja. Ndipo nikaanza kulia."

"Kwa hiyo matatu yalikuwa matatu Alhamisi na Ijumaa."

"Ndiyo."

"Nani aliyaona?"

"Mimi. Na mjomba." Akainua macho. "Kwa nini?"

Alfani alikuwa akizipanga siku kichwani. Mtoa habari alikuwa amekwenda kwa akida Ijumaa, saa ya sala. Hilo alilijua kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa msikitini, na aliporudi akida alikuwa ameshaambiwa. Mtu yule, basi, si wa msikitini. Na Ijumaa Dominika alikuwa amekalia jiwe la chemchemi toka jogoo wa pili mpaka jua la utosi, chini ya mlima, mahali ambapo kupanda mpaka kwa akida kungemla saa nzima ya sala, mbele ya wanawake wote wa mtaa waliomchukia kwa kila kata aliyochota. Mama Kurwa alikuwa amemtolea ushahidi huo kwa matusi, bila kuombwa.

"Siku ile ya kukata," aliuliza, "mzee alisema neno lolote?"

"Alitania. Alisema, nimekutilia mafiga mguuni mpwa wangu, sasa kazi yako kutafuta chungu. Tulicheka wote. Hata Ambrosi, na maumivu yale."

Kisha Dominika akaona uso wa karani, akaacha kupepeta kunde.

*

Ijumaa baada ya sala lakiri zilivunjwa. Mkono wa Alfani ulikuwa na alama ndogo kama ya kuumwa na mbu. Juu ya mkono wa Ambrosi palikuwa na kipele chenye kichwa cha usaha, na kuzunguka kichwa kile duara la zambarau.

Watu wakasogea kutazama. Kisha Siti akasema kwa sauti, "Loo! Na mwiba wenyewe ni uleule!"

Mabel akasimama, akamsimulia akida habari ya mama wa Lisekese bila kuongeza wala kupunguza. Akida akaomba mguu uonyeshwe, akatazama nyuma pasipo na tundu, akatazama vivimbe vya kushoto ambavyo hakuna risasi iliyovifikia. Akaziba pua.

"Anaharisha damu?"

"Mwezi wa nne, Bwana," alisema Dominika. "Nguo ziko, Mama Kurwa atakuonyesha."

"Kidonda ni kibichi, na mtu wa kwenda porini mara kumi kwa siku," alisema Alfani, "hakukimbia na mkuki kutoka hapa mpaka Masasi. Angeacha njia nzima ikijulikana."

Kicheko kikapita. Ambrosi alitazama chini. Siri aliyokuwa tayari kuifia ilikuwa sasa ya kila mtu. Akida akaandika mstari mmoja, akapiga mhuri. "Mfungueni. Na mlango wangu aumalize."

Mzee Marko hakuwepo.

Alfani alimkuta nyuma ya nyumba yake, anachonga mpini usiohitaji kuchongwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kaa."

"Sikai. Mpwa wako amefunguliwa."

Kisu kikasimama. "Mungu ni mkubwa."

"Mzee, Ijumaa ile ulikwenda kwa akida na matundu matatu. Siku ya pili yake yalikuwa kidonda kimoja. Mwenye mguu alikuwa kalala. Mwenye kuosha alikuwa chemchemini. Amebaki mwenye wembe."

Marko akafuta kisu kwenye nguo, upande huu, kisha upande ule.

"Niliambiwa kila mkuu wa mtaa alete mmoja," alisema hatimaye. "Mmoja mwenye jeraha. Nisipoleta, watatafuta wenyewe, nyumba kwa nyumba."

"Na wangempata nani?"

Mzee akageuza kisu mkononi. Jibu halikuhitajika. Mtaa mzima ulijua kwamba Cyril, mwana wa Marko wa kumzaa, alikuwa amekwenda kwa ndugu za mama yake tangu vita, na kwamba alipoondoka alikuwa anachechemea.

"Cyril ni wa ukoo wa mkeo," alisema Alfani taratibu. "Ambrosi ni tumbo la dada yako. Ndiye angekurithi jina. Sisi watu wa pwani tunahesabu kwingine, lakini ninyi Wamakonde mnajua. Umemtoa wa kwako ukamwokoa wa watu."

"Wa watu nilimbeba mgongoni."

"Na huyu ulimkata mwenyewe."

"Nilimkata kumponya! Haki ya Mungu, Karani, Jumatatu ile nilikata kumponya." Akaweka kisu chini. "Matundu nimeyaona Alhamisi. Askari amekuja kwangu Alhamisi hiyohiyo. Utaandika?"

Alfani alitoa karatasi ya mafiga. Jina la Marko likiandikwa, swali la pili la akida lingekuwa: kwa nini? Na jibu lake lilikuwa na mguu unaochechemea. Akaitazama karatasi, akaitumbukiza katika moto wa jikoni, ikaungua kabla ya mzee kumaliza kushukuru.

"Usinishukuru. Sikufanya hivi kwa ajili yako. Na yeye anajua."

"Nani?"

"Ambrosi. Nilipomsomea neno mafiga, alijua palepale. Tangu Jumanne anajua. Alinidanganya kwamba alikatwa na Mmakua mpita njia. Alikuwa anakwenda kwenye kamba na jina lako mdomoni, amelifungia."

Mpini ukaanguka. Mzee hakuuokota.

Walitembea pamoja, kwa sababu njia ya karani ilipita pale na mzee alimfuata bila kuitwa. Nyumba ya Ambrosi ilikuwa imejaa. Siti alikuwa ameleta mtungi wa maji, mzima, umejaa mpaka shingoni, ameuweka mlangoni bila maelezo, na sasa alikuwa akiwasimulia watu wote jinsi alivyojua tangu mwanzo kwamba si risasi. Mabel alikuwa akimfundisha Dominika kufunika kidonda bila kukikwangua. "Na wembe wa mtu yeyote," alikuwa akisema, "hata wa ndugu, usiuruhusu tena." Ming'oko ilikuwa imeiva.

Ambrosi alikuwa amekaa kizingitini, miguu imenyooshwa juani, kanzu imepandishwa mpaka magotini mbele ya watu wote. Alimwona mjomba wake amesimama nje ya uzio, bakora mkononi. Watu walinyamaza mmoja baada ya mwingine, wakidhani ni kwa heshima.

Kwa desturi mpwa hupokea bakora ya mjomba, humwekea kigoda, na mjomba ndiye hunawa wa kwanza. Ambrosi hakusimama. Alimtazama kwa muda mrefu, kisha akavuta mguu wake wa kulia pembeni, polepole, ili njia ya mlango ipitike.

"Mama Anastasia," alisema bila kugeuka, "leta maji ya kunawa." Halafu akaongea na mzee, kwa sauti ile ile ya siku zote. "Karibu ndani, mjomba. Chakula kipo. Leo utaanza wewe, peke yako, na sisi tutakutazama ukila."